Babu, Rubani Huogopa?

Katika mtaa wa Majengo, mjini Sumbawanga, yuko binti wa darasa la sita ambaye akisikia mngurumo wa ndege huacha sufuria motoni akakimbilia uani. Mapenzi hayo hakuyapata shuleni. Aliyapata barazani kwa mzee jirani, askari mstaafu aliyekuwa Mwanza wakati wa Vita vya Kagera.

Jioni moja nami niliketi nikasikiliza. Mzee alisimulia jinsi, mwishoni mwa Machi 1979, ndege ya Libya aina ya Tupolev, iliyotumwa kumsaidia Idi Amin, ilivyokuja kulipua ghala la mafuta la Mwanza. Ikakosa shabaha. Mabomu yakaangukia kisiwa cha Saanane, kwenye hifadhi ya wanyama, yakaua swala. Watoto wakacheka. Binti yetu hakucheka.

“Babu, rubani akiwa juu huogopa?”

“Mjukuu wangu, mimi nilikuwa chini. Woga ninaoujua ni wa aliye chini.”

Bibi yake binti huyo hayapendi maongezi haya. Kaka yake alikwenda vitani mwaka 1978 hakurudi. “Mnamfundisha mtoto kupenda kilichotutoa machozi,” aliniambia, na sikuwa na jibu la haraka.

Bibi ana haki. Ndege zilifika pande hizi kwa ajili ya vita. Mwaka 1916 Wabelgiji walileta katika Ziwa Tanganyika ndege za kutua majini, zilizosafirishwa vipande vipande hadi Kongo, wakaunganisha na kwenda kuutupia mabomu mji wa Kigoma. Mwaka huohuo Wajerumani waliizamisha wenyewe meli yao Graf von Götzen, ambayo baadaye iliibuliwa, na tangu 1927 ikasafiri kwa jina la Liemba, ikitia nanga hata Kasanga, huku kwetu Ufipa.

Lakini hadithi hizo zina upande mwingine. Roald Dahl, aliyekuja kuwa mwandishi mashuhuri wa vitabu vya watoto, alikuwa mfanyakazi wa kampuni ya mafuta ya Shell mjini Dar es Salaam. Vita vilipoanza mwaka 1939 alikwenda Nairobi kujifunza urubani katika ndege ndogo ya Tiger Moth, akiwa mrefu kiasi cha kichwa kujitokeza juu ya kioo cha mbele. Septemba 1940 alianguka katika jangwa la magharibi mwa Misri, akavunjika fuvu, akawa kipofu kwa muda. Mwaka uliofuata alipigana Ugiriki. Wengi wa vijana waliojifunza naye waliuawa. Hata hivyo, alipoandika kumbukumbu zake, kitabu kilichotoka mwaka 1986, furaha ya kuruka juu ya nyanda za Kenya na kutazama twiga kwa chini haikuwa imezimika. Nami naona heri mtoto asimuliwe yote mawili, twiga na fuvu.

Nilimsimulia binti. Swali lake halikuhusu vita: kwa nini ndege haianguki? Nilimweleza kwamba bawa huinamishwa kidogo, likausukuma upepo chini, nao upepo ukalisukuma bawa juu. Nikaongeza kwamba Sumbawanga iko karibu meta 1,800 juu ya usawa wa bahari, hewa yake ni nyepesi, hivyo ndege huhitaji kukimbia mbali zaidi uwanjani kabla ya kupaa kuliko ikiwa Dar es Salaam.

Baba yake, ambaye ni seremala, alikuwa akisikiliza huku akipiga randa. (Mimi nilidhani hajali.) Akaokota kipande cha mninga, akauliza mwinamo huo ni wa kiasi gani. Kufikia magharibi bawa moja lilikuwa tayari, na binti akilipima kwa rula ya shule.

Bibi alisogeza kigoda karibu, akatazama kwa muda mrefu. Kisha akauliza kama ndege hiyo itawekewa viti vya abiria.