Kitabu kimoja cha mapishi cha kukaa nacho maisha yote

Mama mmoja wa Kibosho ameniletea swali ambalo safari hii halihusu dawa. Binti yake wa kwanza anaolewa mwanzoni mwa mwaka ujao, na kicheni pati itafanyika mjini Moshi. Sufuria, jiko la gesi na chupa za chai vimeshagawanywa kwa mashangazi. Yeye anataka kumpa mwanawe kitabu cha mapishi, kimoja tu, atakachoishi nacho mpaka naye awe bibi. "Baba yake ana kisukari, mimi nina presha," ameandika, "na nasikia haya mambo yanafuata ukoo. Nimnunulie kipi?"

Nimelifurahia swali hili kuliko mengi ya vidonge. Kidonge cha presha humezwa mara moja kwa siku, lakini chungu cha nyumbani kinapakuliwa mara mbili au tatu, mwaka hadi mwaka, na kinawalisha hata wale ambao bado hawajaugua. Kwa hiyo wewe unayehudhuria kliniki, na wewe mwenye mtoto mgongoni, usidhani haya ni mambo ya harusi tu.

Tuanze na vitabu vinavyopendeza macho. Utavikuta kwenye maduka ya vitabu na hata kwenye meza za vitabu vilivyotumika: karatasi nzito, picha za kung'aa, samaki wa bahari baridi, mboga ambazo sokoni Mbuyuni hakuna anayezijua kwa jina, na kila ukurasa wa pili unakuambia uwashe oveni. Vipo pia vya chakula cha watoto wachanga vya namna hiyo hiyo. Mzazi hukinunua kwa nia njema, hupika mara mbili, hukosa viungo, kisha hurudi kwenye uji mtupu huku akijiona mzembe. Kosa si lake. Kitabu kiliandikiwa jiko la mtu mwingine.

Jambo hili kwetu lina historia. Kitabu cha mapishi cha walowezi wa Kenya, kilichotolewa Nairobi mwaka 1928 na kina mama wa kanisa la Mtakatifu Andrea, kilidumu majikoni kwa miongo mingi. Kiswahili kiliingia humo kama lugha ya kumwelekeza mpishi. Chakula chenyewe alichokula mpishi jioni nyumbani kwake hakikuwa shabaha ya kitabu.

Sasa msomaji atauliza, je, hakuna kazi iliyofanywa juu ya vyakula vyetu wenyewe? Ipo. Mwaka 2008 yalitoka majedwali ya virutubisho vya vyakula vya Tanzania, kazi ya Chuo Kikuu cha Muhimbili, Taasisi ya Chakula na Lishe na Chuo Kikuu cha Harvard cha Marekani. Humo utakuta ndizi, ulezi, maharage na vyakula vilivyokwisha kupikwa kwa namna yetu, kila kimoja na nguvu, protini, chuma na sodiamu yake. Wenzetu wa Kenya mwaka 2018 walitoa kitabu cha mapishi zaidi ya 100 ya kwao, viungo vikiwa vimepimwa kwa gramu na virutubisho vimeandikwa chini ya kila chakula. Vyote viwili ni vya Kiingereza, na cha kwanza ni cha mtaalamu kuliko cha mpishi. Ila vinaonyesha kwamba chakula chetu kinaweza kupimwa kama chakula kingine chochote, na wewe dukani una haki ya kudai kitabu kinachopima.

Hapo ndipo ninapoanzia. Ukikishika kitabu mkononi, usiangalie keki. Fungua ukurasa wa maharage. Kama kimeandika "chumvi kiasi" na "mafuta ya kutosha", kirudishe. Kiasi ni kiasi gani? Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani kama kijiko kimoja cha chai, na hapo imehesabiwa ya mkate, ya mchuzi na ya kachumbari. Chukua familia ya watu sita. Mpishi akitia kijiko kimoja cha chakula kilichojaa kwenye sufuria ya mboga, ni karibu gramu 18. Kila mmoja amekula gramu 3 kwa mlo mmoja, kabla hajagusa kingine. Kitabu kinachosema "kijiko kimoja cha chai kwa watu sita" kimekufanyia kazi ambayo hakuna daktari atakayekuja kuifanya jikoni kwako.

Na kwa huku kwetu mlimani kuna jambo la pili ambalo vitabu vingi hulipita kimya, nalo ni magadi. Kiburu bila magadi, wazee watakuambia, hakijawa kiburu. Maharage yanalainika upesi, mboga za majani zinabaki kijani kibichi, kuni zinapungua. Ni kweli. Lakini magadi ni chumvichumvi yenye sodiamu nyingi. Yakiwa safi, hubeba takriban robo tatu ya sodiamu iliyomo kwenye chumvi ya mezani ya uzito uleule. Nimezungumza na mama wa Uru aliyekuwa akimeza dawa zake bila kukosa, chumvi ameipunguza kama alivyoambiwa, na presha haishuki. Hakuna aliyekuwa amemuuliza habari za magadi, na yeye hakuyahesabu kuwa chumvi. Isitoshe, magadi huharibu vitamini C iliyo kwenye mboga na vitamini B1 iliyo kwenye maharage. Kitabu chema kitakuambia loweka maharage usiku kucha, mwaga maji, chemsha kwa maji mapya. Yataiva, na kiburu kitalika.

Ukitoka kwenye maharage, nenda ukurasa wa mtoto. Hapa sina uvumilivu. Kitabu kikikuambia umpe mtoto wa miezi minne mtori, funga. Maziwa ya mama pekee mpaka miezi sita. Kikitia asali kwenye chakula cha mtoto ambaye hajatimiza mwaka, funga pia, maana asali inaweza kubeba vijidudu vinavyolegeza misuli ya mtoto mchanga hata ya kupumulia. Na kikisema umpe mtoto wa miezi saba supu ya nyama huku nyama ikibaki kwa baba, huo ni upotofu wetu wa siku nyingi ulioandikwa kwa wino. Supu ina ladha na chumvi. Protini na chuma vimebaki kwenye mnofu. Mtori wa mtoto ni ndizi mshare na nyama iliyochemshwa ikalainika kabisa, vikapondwa pamoja, na kijiko cha mafuta au parachichi juu, bila chumvi. Ndizi zinajaza tumbo upesi lakini protini yake ni ndogo, kwa hiyo mtori wa ndizi tupu kila siku haumtoshi mtoto anayekua, hata akinenepa mashavu.

Kuna uji wa lishe pia. Kila duka la mtaa sasa lina mchanganyiko wake wa nafaka na karanga. Kitabu kitakachokupa kipimo cha karanga bila kukuambia uzichambue kwanza kimekuacha nusu ya njia. Mwaka 2016 watu walikufa Dodoma na Manyara kwa sumukuvu iliyokuwa kwenye mahindi, na sumu hiyo haiondoki kwa kuchemsha. Karanga au punje iliyosinyaa, iliyobadilika rangi au kuota ukungu haipelekwi mashineni.

Mama wa Kibosho asinielewe kuwa namtisha. Chakula cha mlimani ni chakula kizuri. Kihamba kina ndizi, maharage, mnafu, maboga, parachichi, maziwa na mayai ndani ya hatua mia moja. Mzazi aliyejifungua anapopewa mtori wa nyama siku baada ya siku, ile mila ina akili ndani yake: chakula laini, chenye nguvu na protini, kwa mwili uliopoteza damu. Mimi ningeongeza tu mboga za majani, na kikombe cha chai nikisogeze mbali na mlo kwa saa nzima, kwa sababu chai huzuia chuma kisifyonzwe.

Kwenye joto napo niseme neno. Mwaka 2016 wakala wa utafiti wa saratani wa Shirika la Afya Duniani uliweka vinywaji vya moto sana, vya zaidi ya nyuzi 65, kwenye kundi la vitu vinavyoelekea kusababisha saratani ya koo la chakula. Ugonjwa huo tunaujua Kilimanjaro. Chai ya maziwa inayonywewa ikiwa bado inatoa moshi, na mtori unaomezwa kwa haraka asubuhi kabla ya kwenda shamba, ndivyo vya kuviacha vipoe kidogo. Sijapata kuona kitabu cha mapishi kinachoandika "subiri kabla ya kula". Kiandikie mwenyewe.

Na kuandika ndiko jibu langu lilikoelekea tangu mwanzo. Shida ya kitabu cha maisha yote ni kwamba mwili haubaki uleule. Binti huyu ataanza ndoa akiwa mzima. Atapata mimba, na atahitaji mboga za majani, maharage na nyama zaidi ya alivyozoea. Atalea. Akifika miaka arobaini na kitu huenda sukari ikaanza kupanda, na hapo ndizi mbichi zilizopikwa zikiwa vipande pamoja na maharage zitamfaa kuliko ndizi mbivu au mtori uliopondwa laini, ambao huingia damuni upesi. Mbege nayo itabidi ahesabiwe, maana imetokana na ndizi mbivu na ulezi. Kama siku moja figo zitachoka, mambo yanageuka kabisa. Ndizi ileile iliyosifiwa kwa mgonjwa wa presha kwa ajili ya potasiamu yake inakuwa ya kuogopwa, kwa sababu figo zilizoshindwa haziwezi kuiondoa potasiamu, nayo ikizidi inaweza kusimamisha moyo. Mgonjwa huyo huambiwa achemshe ndizi au viazi kwa maji mengi na kuyamwaga, jambo ambalo kwa mpishi wa mtori ni kama kumwaga mtori wenyewe.

Hakuna mwandishi atakayeyaweka yote hayo kwenye ukurasa mmoja. Kwa hiyo chagua kitabu chenye karatasi inayoshika kalamu na pambizo pana. Karatasi inayong'aa haifai. Kiwe cha Kiswahili, chenye vyakula vinavyopatikana ndani ya safari moja ya sokoni, na vipimo ambavyo nyumba inavyo: kikombe, kijiko cha chai, kijiko cha chakula, hata sado kwa wanaonunua maharage ya mwezi. Kisha kibebe kliniki. Nasema kweli. Wagonjwa huja na kadi, vipimo na mfuko wa dawa, lakini sijamwona aliyekuja na kitabu chake cha mapishi. Hospitali kubwa za mjini Moshi zina wataalamu wa lishe, na kila halmashauri ina afisa lishe wake. Mfungulie ukurasa wa chakula unachokipika kila wiki, mwambie, "Hiki ndicho tunachokula, nirekebishie." Atakata kijiko cha chumvi, ataongeza mboga, ataandika tarehe. Maelezo ya namna hiyo utayafuata kuliko karatasi ya jumla inayokuambia upunguze wanga, halafu ikakuacha unajiuliza wanga ni nini katika sahani yako.

Serikali nayo isijifiche nyuma ya kina mama. Mwongozo wa Taifa wa Chakula na Ulaji ulitoka mwaka 2023, na ni kazi nzuri. Lakini mwongozo si mapishi. Mama aliyepewa kadi ya kliniki siku ya kwanza ya ujauzito angepaswa kuondoka pia na kijitabu chembamba cha mapishi ya mkoa wake, kikiwa na vipimo na nafasi ya kuandika. Wa Kilimanjaro kiwe na kiburu kisicho na magadi, wa Mwanza kiwe na dagaa. Gharama yake haiwezi kufikia ya kumsafisha mgonjwa mmoja figo kwa miaka.

Sasa, mama wa Kibosho. Nunua kitabu cha kawaida, hata kama jalada lake halitapigiwa vigelegele ukumbini. Kifunike kwa nailoni, maana mafuta ya jikoni hayana huruma. Kabla hujakifunga kwenye karatasi ya zawadi, kaa na mumeo, mwandikie binti ukurasa wa mwisho: baba kisukari, aligunduliwa akiwa na miaka mingapi; mama presha, tangu lini; bibi alifariki kwa nini, kama mnajua. Daktari atakayemwona siku ya kwanza ya ujauzito atamuuliza hayohayo. Harusi ni mwanzoni mwa mwaka, na Desemba ukoo wote utakuwa umepanda nyumbani kwa Krismasi. Mkalishe binti jikoni na bibi aliye hai, na kikombe na kijiko mezani. Bibi akisema "weka kiasi", mwombe amimine kwanza kwenye kijiko.