Tusipuuze usalama wa tarakilishi kuukuu

Muhula uliopita, mwanafunzi wangu mmoja wa uzamili alifika ofisini mwangu machozi yakimlengalenga. Tarakilishi yake ilikuwa imevamiwa na virusi, na faili zake zote zilikuwa zimefungwa asiweze kuzisoma. Miongoni mwazo zilikuwemo rekodi za wazee watano wa Kwale aliowahoji kuhusu lahaja ya Kichifundi. Mmoja wa wazee hao alikuwa amekwisha kuaga dunia, na sauti yake haikuwa imehifadhiwa mahali pengine popote.

Nilipomdadisi, alikiri kwamba kwa miezi mingi mashine ilikuwa ikimwomba aisasishe, naye akiahirisha. Simlaumu yeye peke yake. Mimi niliyemsimamia sikuwahi kumuuliza nakala ya pili ameiweka wapi.

Yafaa ieleweke kwamba kitenzi "sasisha" kimetokana na "sasa". Kusasisha programu si kuipamba, bali ni kuziba nyufa ambazo wezi wamekwisha kuzigundua. Mnamo Mei 2017, virusi vilivyoitwa WannaCry vilienea katika mataifa zaidi ya 150 na kuzikwamisha hata hospitali za umma nchini Uingereza, ilhali kampuni ya Microsoft ilikuwa imetoa dawa ya ufa huo tangu Machi. Wengi walioumia ni wale ambao hawakuipokea.

Suala hili linatugusa walimu na wanafunzi, kwani wengi wetu hutumia mashine za mitumba. Tarehe 14 Oktoba 2025, Microsoft ilikoma kutoa marekebisho ya kawaida ya Windows 10, mfumo uliozinduliwa mwaka 2015. Watumiaji binafsi waliojiandikisha waliongezewa muda hadi Oktoba 2026. Tarakilishi nyingi za zamani haziwezi kupokea Windows 11 kwa kuwa hazitimizi masharti yake.

Je, tuzitupe? La hasha! Mashine kama hiyo yaweza kuwekewa mfumo wa Linux, kwa mfano Linux Mint, ambao haulipiwi wala hauhitaji mashine yenye nguvu nyingi. Mifumo ya aina hii si migeni kwa lugha yetu: mnamo 2004, mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi kwa Kiswahili. Ikiwa hata hilo haliwezekani, mashine itengwe na mtandao, itumiwe kupiga chapa tu.

Aidha, kila kazi yenye thamani iwe na nakala mbili zaidi, moja ikihifadhiwa nje ya nyumba au shule. Diski ya akiba ichomolewe kila baada ya kunakili, kwa sababu virusi vya kufunga faili hufunga pia diski iliyochomekwa.

Simu nazo huzeeka. Kabla ya kununua, uliza mtengenezaji atatoa marekebisho ya usalama kwa miaka mingapi. Weka nambari ya siri kwenye kadi ya simu yenyewe, la sivyo mwizi ataihamishia kwenye simu nyingine na kupokea ujumbe wa benki yako. Bonyeza *#06#, kisha uandike daftarini nambari itakayotokea, kwani ndiyo utambulisho wa simu hiyo ikiibwa. Usimtajie nambari ya siri mtu yeyote anayekupigia, hata akijitambulisha kuwa afisa.

Hata hivyo, kuna kizingiti kingine ambacho ni cha lugha. Maonyo mengi hutujia kwa Kiingereza cha wahandisi, nasi hubofya popote ili yatuondokee machoni. Simu nyingi za Android zaweza kuwekwa kwa Kiswahili, tuziweke. Hali kadhalika, walimu wa Kiswahili washirikiane na wenzao wa tarakilishi kuandika maagizo haya kwa lugha nyepesi na kuyabandika katika vyumba vya walimu na maktaba.

Mwanafunzi wangu alirejea Kwale kurekodi upya. Wazee wanne walimpokea kwa moyo mkunjufu. Wahenga walinena kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta, lakini sauti ya yule wa tano hatuna namna ya kuijenga tena.