Hesabu za Omaha na Makato ya Mkeka

Juma lililopita, baada ya kipindi cha takwimu, mwanafunzi wangu mmoja alinifuata na simu mkononi. "Shikamoo mwalimu. Wewe mwenyewe umetufundisha kwamba poka ni hesabu. Basi na mkeka nao ni hesabu. Mbona unausema vibaya?" Hoja hii nimeisikia redioni, nimeisikia kwa wenzangu wenye shahada, na sasa nimeichoka.

Poka ina hesabu, sikatai, na aina yake iitwayo Omaha ina hesabu nzito. Mchezaji hupewa karata nne, na mezani hufunuliwa tano. Lazima atumie mbili za mkononi, si zaidi wala si pungufu, na tatu za mezani. Tuseme nina kopa mbili, mojawapo ree, na mezani zimekwisha kufunuliwa mfalme wa kopa, saba ya kopa na mbili ya pau. Nikipata kopa moja zaidi, natimiza tano. Nimeona karata saba kati ya 52. Zimebaki 45 nisizozijua, na ndani yake kopa ni tisa. Hiyo ni asilimia 20 kwa karata inayofuata. Mchezaji makini hasimami hapo: mbili ya kopa itafanya jozi mezani, na mpinzani aliyekwisha kukamilisha saba tatu atanishinda. Za kuniokoa kweli ni nane. Mpinzani ameweka 40,000 juu ya 40,000 zilizokuwapo, nami natakiwa kulipa 40,000 ili nipate 80,000. Nisipate hasara, lazima nishinde mara moja katika kila tatu. Sifikii hata moja katika tano. Naweka karata chini.

Hesabu hiyo inawezekana kwa sababu karata ni 52 na hakuna aliyeficha ya 53. Bei naiona mezani, na ikinizidi nakataa. Kukataa huko ndiko ustadi wenyewe. (Siipigii poka debe. Mwenye meza naye hukata chake, na wengi huondoka pale mifuko mitupu.)

Mkeka je? Bei yake huipanga muuzaji. Chukua mechi yenye viwango vya 1.80 kwa mwenyeji, 3.40 kwa sare na 4.20 kwa mgeni. Gawanya moja kwa kila kiwango, kisha jumlisha. Hupati asilimia 100. Unapata karibu 109. Ziada hiyo ndiyo makato. Katika kila shilingi 100, kwa wastani wa muda mrefu, zinarudi kama 92. Lakini vijana wetu hawachezi mechi moja, huunganisha kumi, na makato nayo huzidishana kama viwango vinavyozidishana. Zidisha 0.92 kwa yenyewe mara kumi: inabaki 0.43. Shilingi 57 zimekwenda kabla kipenga hakijapulizwa.

Nitaambiwa yupo anayeijua ligi kuliko mpanga bei. Huenda yupo. Lakini haitoshi amzidi; lazima amzidi kwa kiasi cha kufuta makato hayo, mechi baada ya mechi, msimu mzima.

Mwanafunzi yule nilimpa kalamu afanye hesabu ya mkeka wake wa mechi 12. Alipofika ya nne aliacha kuandika. Ada yake ya muhula, aliniambia baadaye kwa sauti ya chini, ilikuwa imeishia humo.

Sheria yetu ya mwaka 2003 haikuwa na aibu: iliiita michezo ya kubahatisha, na bodi inayoisimamia ina jina hilohilo. Ni matangazo ndiyo yanayoivisha bahati joho la ustadi, yakimwita kijana mchambuzi kwa kuwa amebonyeza simu. Ninachodai kwa bodi hiyo ni kidogo. Kila mkeka, kabla haujathibitishwa, uoneshe makato yake kwa shilingi, kwa herufi kubwa kama zile za zawadi: katika 1,000 yako hii, wastani wa 570 ni wetu.