BEI YA PAMBA SI MVUA

Ndugu wanaushirika, wakulima wenzetu wa Kagongwa,

Kila msimu tukifika kwenye mzani na kuuliza mbona bei ni hii, tunajibiwa neno moja: "Ni soko la dunia." Karani husema hivyo, mnunuzi husema hivyo, na sasa hata sisi wenyewe tumezoea kuambiana hivyo. Linasemwa kama mtu anavyosema mvua imegoma. Tunakataa. Mvua haina mwenyewe hapa duniani, lakini bei ina wenyewe, tena wanajulikana, na nyumba wanamokutania inajulikana.

Nyumba hiyo iko Geneva, nchi ya Uswisi. Ni Shirika la Biashara Duniani, lililoanza tarehe 1 Januari 1995 kushika nafasi ya mkataba wa GATT wa mwaka 1947. Tanzania ni mwanachama tangu siku ile ya kwanza, na sasa nchi wanachama ni 166. Kwa maandishi mambo ni mazuri kabisa, yanafanana na ya ushirika wetu: kila nchi sauti moja, na jambo halipiti mpaka wote wakubaliane. Si kama kule kwenye Shirika la Fedha la Kimataifa, ambako kura ni kwa ukubwa wa mfuko. (Kule Marekani peke yake ina zaidi ya asilimia 16, na maamuzi makubwa yanataka asilimia 85. Pigeni hesabu wenyewe.)

Hebu sasa tuone maandishi hayo yalivyomsaidia mkulima wa pamba.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000 wakulima wa pamba wa Marekani walikuwa kama 25,000 tu, na serikali yao ikawapa ruzuku ya karibu dola bilioni 3 kwa mwaka. Mtu wa namna hiyo bei ikianguka halali njaa. Analima vilevile, na pamba yake inamwagwa sokoni. Mwishoni mwa 2001 bei ya dunia ilishuka chini ya senti 40 za Marekani kwa ratili, bei ambayo haikuonekana kwa miaka kama 30. Yule wa kwetu mwenye ekari mbili na plau ya ng'ombe, aliyekopa dawa ya funza wa vitumba, ndiye alishindanishwa na hazina ya Marekani. Halafu eti yeye ndiye hajui kulima kwa tija!

Septemba 2003, mkutanoni Cancún, nchi ya Meksiko, Benin, Burkina Faso, Chad na Mali walisimama kudai ruzuku hizo zifutwe na wakulima wao walipwe fidia. Rasimu waliyopewa ikazungumzia kuwasaidia wageukie shughuli nyingine. Yaani mwizi wa ng'ombe anamshauri mwenye zizi afuge kuku. Mkutano ukavunjika.

Brazili wao walishitaki, mwaka 2002. Walishinda 2004, wakashinda na rufani 2005. Marekani haikurekebisha mambo ipasavyo, na 2009 Brazili ikapewa ruhusa ya kulipiza. Basi 2010 Marekani ikakubali kutoa dola milioni 147.3 kwa mwaka kwa ajili ya wakulima wa pamba wa Brazili, ili Brazili isilipize. Mwaka 2014 yakamalizwa kwa dola milioni 300. Someni tena hapo, ndugu. Ruzuku ile iliumiza wakulima wa pamba dunia nzima, fedha zikaenda Brazili peke yake. Shinyanga haikuona hata robota tupu. Sababu ni kwamba adhabu ya shirika hili si faini. Ni ruhusa ya kumtoza ushuru aliyekukosea. Brazili ikitoza, Marekani inashtuka. Sisi tukitoza, nani atasikia? Na tangu Desemba 2019 baraza la rufani halifanyi kazi, kwa kuwa Marekani ilizuia uteuzi wa majaji. Siku hizi aliyeshindwa hukata rufani kwenye chumba kitupu, kesi ikafia humo.

Hatusemi hakuna kilichopatikana. Nairobi, Desemba 2015, ruzuku za kusafirisha mazao nje zilipigwa marufuku. Lakini ile ya kumlipa mkulima nyumbani kwake, ambayo ndiyo inatuua, iliahidiwa Hong Kong mwaka 2005 kwamba kwa pamba itapunguzwa upesi kuliko mazao mengine. Bado tunangoja.

Wapo wanaosema basi tutoke. Hapana jamani! Nje ya nyumba ile ni pabaya zaidi. Mwaka 2016 nchi za Afrika Mashariki ziliazimia kuachana na mitumba ili viwanda vyetu vya nguo vipumue. Wafanyabiashara wa mitumba wa Marekani wakalalamika, tukatishiwa kufungiwa soko la AGOA. Rwanda ilikaza, ikanyimwa nafuu ya nguo mwaka 2018. Wengine, sisi tukiwemo, tulirudi nyuma. Walituchukua mmoja mmoja, kama walanguzi wanavyopita usiku nyumba kwa nyumba. Arusha, Februari 1979, Mwalimu aliwaambia wajumbe wa Kundi la 77 kwamba nchi maskini zinahitaji chama chao kama wafanyakazi walivyo na chama.

Tena tusisingizie Geneva kila kitu. Hakuna kanuni ya Geneva inayotukataza kusokota nyuzi, ila sehemu kubwa ya pamba yetu inaondoka nchini ikiwa bado haijasokotwa. Na mpunga je? Kule tuliruhusiwa ushuru wa hadi asilimia 120 kwa mazao ya kilimo. Afrika Mashariki tumeweka asilimia 75 kwa mchele. Lakini mwaka 2013 mchele wa nje uliruhusiwa kuingia bila ushuru, bei ya mpunga ikaanguka. Mlango huo ulifunguliwa kutoka ndani.

Kwa hiyo tunataka ubao huu, kila siku ya ununuzi, uandikwe bei ya dunia ya siku hiyo, bei yetu, na kila makato yaliyo katikati. Tunataka chama chetu cha msingi kiandike barua kupitia chama kikuu, kiulize wajumbe wa Tanzania wamesema nini Geneva juu ya pamba, na walimuuliza mkulima gani kabla ya kwenda. Na wale wanaotia maji na mchanga kwenye pamba, au kuchanganya fifi na safi, waache, maana ndio wanaompa mnunuzi sababu.

Hoja itasomwa mkutano mkuu. Mwenye stakabadhi za msimu uliopita aje nazo, tutazipigia hesabu pale pale.

Kamati ya Gazeti la Ukutani