Mtoto Hakuomba Safari ya Kampala

Dada yangu na mumewe waliweka akiba kwa miezi minane ili mtoto wao wa miaka mitatu akapande farasi wa plastiki. Fedha walizitoa katika ikimina, yaani kikundi chao cha kuweka na kukopa, na mimi mjomba nikaongezwa kwenye msafara ili nisaidie kumbeba mtoto. Tulipanda basi Nyabugogo alfajiri. Gatuna tukashuka na kupanga foleni mpakani, kisha tukapita Kabale, Mbarara na Masaka, tukavuka mstari wa ikweta pale Kayabwe, na jioni tukaingia Kampala tukiwa hoi. Mpwa wangu alitapika mara mbili njiani.

Kesho yake asubuhi tulikuwa mlangoni mwa bustani ya michezo. Siitaji jina kwa sababu haikutukosea lolote: mashine zilifanya kazi na wafanyakazi walikuwa na adabu. Mashine zilizokuwa zikisifiwa nyumbani kwa miezi minane, mtoto hakuruhusiwa kuzipanda kwa kuwa kimo chake hakikufika kwenye alama. Sheria hiyo ni nzuri, inalinda maisha. Alipopandishwa kwenye farasi wa kuzunguka alilia mpaka akashushwa. Kisha akapotea machoni petu kwa dakika chache. Nilimkuta karibu na bomba la maji lililokuwa likivuja, amechuchumaa na mtoto mwingine wa rika lake. Walikuwa wakichimba mfereji kwenye tope kwa vijiti. Mmoja alisema Kinyarwanda, mwingine Kiganda, na kazi ikaendelea vizuri. Mimi na mama wa yule mtoto tulisalimiana kwa Kiswahili, tukasimama kuwatazama.

Dada alipofika, alimshika mwanawe mkono na kumwinua. "Twende ukapigwe picha kwenye bembea," alisema. "Tumelipa!"

Nimelifikiria neno hilo, tumelipa, tangu siku ile. Dada yangu ni mzazi mwema, na makala hii simwandikii yeye peke yake. Naiandika kupinga desturi inayokua haraka katika miji yetu: kumpeleka mtoto mdogo katika bustani ya michezo ya kulipia, mara moja kwa mwaka, kwa gharama kubwa na safari ndefu, kisha kuamini kwamba deni la mchezo limelipwa. Nasema halijalipwa. Mchezo kwa mtoto ni kama chakula, huwezi kumlisha sikukuu moja ukamwambia ashibe mwaka mzima.

Kabla ya kuendelea, nijitenge na kundi moja ambalo huenda likadhani niko upande wake. Kuna wanaosema: "Mtoto wa miaka mitatu hatakumbuka kitu, kwa hiyo kumpeleka ni kutupa pesa." Ni kweli kwamba watu wazima kwa kawaida hawakumbuki matukio ya miaka yao ya kwanza mitatu hivi. Sigmund Freud aliandika juu ya jambo hilo mwaka 1905, na wanasaikolojia waliofuata wamelichunguza sana. Lakini hoja yenyewe ni mbovu. Hakuna hata mmoja wetu anayekumbuka alivyobebwa mgongoni, wala nyimbo alizobembelezwa nazo, wala uji wa kwanza aliolishwa. Je, mama zetu walipoteza muda? Kitu hakihitaji kukumbukwa ili kimjenge mtu. Kwa hiyo sisemi mtoto asipelekwe popote kwa kuwa atasahau. Nauliza anapelekwa kwa ajili ya nani, na siku nyingine zote anapewa nini.

Nianze na swali la nani. Historia ya bustani hizi ina jambo la kutufunza. Walt Disney, aliyefungua Disneyland huko California mwaka 1955, alieleza mwenyewe kwamba wazo lilimjia alipokuwa akiwapeleka binti zake kucheza. Wao walipanda farasi wa kuzunguka, yeye alikaa kwenye benchi akila karanga, akaona kwamba panatakiwa mahali ambapo mzazi na mtoto watafurahi pamoja. Unaweza kumlaumu Disney kwa mengi, lakini tatizo aliliona sawasawa: mzazi aliyekaa kwenye benchi. Sisi tumeiga geti, tiketi na rangi za kung'aa, kisha tumerudi kukaa kwenye benchi lile lile. Karanga tumeziacha, tumeshika simu. Siku ile Kampala nilihesabu wazazi kumi na wanne kando ya godoro la upepo la kurukia. Kumi na mmoja walikuwa wakipiga picha au wakituma zile walizokwisha kupiga. Na mimi nilikuwa mmoja wa waliopiga.

Picha ile ndiyo bidhaa halisi tuliyoinunua. Inawaambia jamaa, majirani na wanachama wa ikimina kwamba watoto wetu hawakosi kitu. Mtoto hana haja nayo, na ndiyo maana siku ya safari huishia kwa ugomvi: mtoto anataka tope, mzazi anataka picha, na aliyelipa ndiye mwenye nguvu. Tunamkaripia mtoto kwa kosa la kutofurahi kwa namna tuliyoipanga.

Sasa nije kwenye siku nyingine. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kwa ajili ya watoto walio chini ya miaka mitano. Kwa mtoto wa miaka mitatu au minne, mwongozo unataka dakika 180 za kujishughulisha kwa mwili kila siku, na dakika 60 kati ya hizo ziwe za kuchangamka hasa, kukimbia na kuruka. Muda wa kukaa mbele ya skrini usizidi saa moja. Piga hesabu. Dakika 180 kwa siku ni saa tatu, na kwa mwaka ni saa 1,095. Sisi Kampala tulikaa bustanini saa nne, tukitoa muda wa kula na wa kulia. Kwa hiyo hata safari ingekwenda vizuri kupita ndoto zetu, bado mtoto angetudai saa 1,091. Atazichezea wapi?

Swali hilo linanirudisha nyumbani, Kinyinya. Nimekulia huku, katika wilaya ya Gasabo, wakati kilima chetu kilijulikana kwa minara ya kituo cha kurushia matangazo cha Deutsche Welle, kilichofungwa mwaka 2015. Tulikuwa na mashamba ya mihogo, miteremko ya udongo mwekundu na viwanja ambavyo havikuwa na jina. Mpira wetu tuliufuma kwa majani makavu ya migomba. Tuliruka kamba, tuliteleza mteremkoni juu ya vipande vya madumu, na tulicheza agatambaro, ule mchezo wa duara ambao mmoja hukimbia nyuma yenu na kudondosha kitambaa mgongoni mwa mwenzake. Hakuna mzazi aliyetupeleka popote. Tulifungua mlango, mchezo ukawa umeshaanza.

Leo Kinyinya ni miongoni mwa sehemu za Kigali zinazojengwa kwa kasi. Gacuriro kuna mitaa ya majumba ya kupendeza, Kagugu nyumba za kupangisha zimekaribiana hadi paa zinagusana, na kilima chenyewe kimepangiwa mradi wa makazi wa Green City Kigali. Sipingi nyumba, watu wanahitaji pa kulala. Ninachosema ni kwamba uwanja wetu wa mpira wa majani ya migomba sasa umejengwa nyumba tano na ukuta, na hakuna aliyeuliza watoto watahamia wapi. Mpwa wangu anaishi katika nyumba ya kupanga yenye ua wa saruji wenye upana wa hatua sita. Humo mmeegeshwa pikipiki na kuanikwa nguo. Akitoka nje ya geti ni barabara. Akibaki ndani ni simu ya mama yake. Mtoto huyu ndiye tuliyembeba kwa basi mchana kutwa ili akacheze, na mchezo alioupata ulikuwa tope la bomba linalovuja, kitu ambacho sisi tulikuwa nacho bure mlangoni.

Hapo ndipo ubaya wa desturi hii ulipo. Safari ya bustani inatufariji wazazi na wajomba tusione kilichopotea. Kwanza tunamnyang'anya mtoto uwanja, kisha tunamuuzia mchezo kwa tiketi, na mwisho tunataka atushukuru. Waswahili walionya: usiache mbachao kwa msala upitao. Mbacha wetu ulikuwa kiwanja cha mtaani. Tumeuacha ukachukuliwa, tukakimbilia msala unaopita mara moja kwa mwaka.

Najua nitajibiwa. Jibu la kwanza litakuwa kwamba huu ni wivu wa mwanafunzi asiye na fedha. Ningekubali kama ningekuwa nawalaumu matajiri. Lakini tajiri akienda Dubai na mwanawe, akirudi ana bustani yake nyuma ya nyumba. Anayeumia ni mzazi wa kipato cha kawaida anayekopa ili afanane naye, halafu anarudi kwenye ua wa hatua sita akiwa na deni.

Jibu la pili ni kwamba safari humfumbua mtoto macho. Hili lina ukweli, nami sitaki kulipuuza. Mtoto wa miaka minane au kumi aliyeonyeshwa mpaka, ikweta na mji wa jirani atauliza maswali na kujifunza. Huyo atafikia alama ya kimo, atachagua mashine anayoitaka na atasimulia darasani. Mngoje akue, mpelekeni wakati huo. Wa miaka mitatu hajamaliza kustaajabia siafu wa nyumbani kwao.

Jibu la tatu ni zito zaidi: "Wazazi wanafanya kazi kutoka asubuhi hadi usiku. Safari moja ndiyo nafasi pekee waliyo nayo kuwa na mtoto." Dada yangu alinijibu hivyo hivyo, na machozi yakamlengalenga, nami nikanyamaza. Anauza duka siku sita kwa wiki. Sina haki ya kumwambia apunguze saa za kazi. Lakini nafikiri jibu hilo linaunga mkono hoja yangu. Ikiwa mzazi ana siku nne tu za likizo, mbili akazimaliza ndani ya basi, ni nani aliyemshauri kwamba upendo lazima uvuke mpaka? Siku zile nne wangezikaa Nyandungu, bustani ya hekta 121 iliyofunguliwa mwaka 2022 mahali palipokuwa na kinamasi kilichoharibika. Kiingilio kipo, lakini hakihitaji ikimina. Au wangekaa kijijini kwa bibi, kuku wakafukuzwa hadi wachoke.

Hata hivyo, sitaki kuwaachia wazazi mzigo wote, kwa maana hakuna mzazi awezaye kujenga uwanja peke yake. Rwanda iliridhia Mkataba wa Haki za Mtoto mwaka 1991, na kifungu cha 31 kinamtambulia mtoto haki ya kupumzika na kucheza kulingana na umri wake. Haki haiuzwi kwa tiketi. Kwa hiyo nina madai matatu, na yote yanatekelezeka. La kwanza, kila mtaa mpya unaojengwa utenge kipande cha ardhi cha watoto wadogo, chenye udongo, mchanga na maji, na kisihesabiwe kuwa maegesho. La pili, katika umuganda wa Jumamosi ya mwisho ya mwezi, umudugudu wetu uchague angalau mara mbili kwa mwaka kusafisha na kulinda mahali pa kuchezea, kama tunavyosafisha mitaro. La tatu, tangu mwaka 2016 Kigali imekuwa na siku isiyo na magari, ambapo baadhi ya barabara kuu hufungwa Jumapili asubuhi ili watu wazima wakimbie na kuendesha baiskeli. Ni jambo jema sana. Basi zifungwe pia barabara ndogo za Kagugu na Murama kwa saa hizo hizo, ili watoto wasio na kiwanja wapate barabara.

Na sisi wanafunzi, ambao wengi tu wajomba na mashangazi kabla ya kuwa wazazi, tusijitoe. Sisi ndio tunaowapa watoto simu ili wanyamaze tukisoma. Nimefanya hivyo mara nyingi. Tangu tulipotoka Kampala nimekuwa nikimchukua mpwa wangu Jumamosi jioni, tunashuka hadi kwenye mfereji wa shamba lililobaki chini ya nyumba yao. Hanishukuru. Hata haniangalii. Anachimba kwa kijiti, maji yanafuata, na nikimwambia muda umekwisha analia kama alivyolia juu ya farasi, ila sasa analia kwa sababu hataki kuondoka. Shamba lile limekwisha wekewa vigingi vya mpaka. Sijui tutakwenda wapi likijengwa, na ningependa wanaogawa viwanja waniambie kabla saruji haijamwagwa.