Maji Yaliyoingia katika Neli

Katika vitabu vyetu vya kemia vya sekondari, somo la polima huishia mahali pamoja. Molekuli nyingi za etheni huungana, mshale huchorwa, na mwanafunzi huambiwa kuwa hiyo ndiyo polithini. Kichocheo hutajwa kwa neno moja juu ya mshale. Kwa maoni yangu, hapo ndipo somo lilipopaswa kuanza.

Karl Ziegler, Mjerumani, alionyesha mwaka 1953 kuwa misombo ya titani ikichanganywa na misombo ya alumini huunganisha etheni pasipo kuhitaji kanieneo kubwa. Mwaka uliofuata Giulio Natta, Mwitalia, aliunda polipropini iliyopangika vizuri kwa njia hiyo. Wote wawili walitunukiwa Nobeli mwaka 1963.

Hata hivyo, kichocheo cha Ziegler ni unga mgumu wenye sehemu za kazi za aina nyingi. Ukikipa etheni peke yake, taabu haionekani sana. Ukichanganya alkeni kubwa zaidi, kama hekseni yenye kaboni 6 au okteni yenye kaboni 8, mambo hubadilika. Molekuli hizi huburuta mkia mrefu. Baadhi ya sehemu za kazi huzipokea, nyingine huzikataa. Basi matawi hurundikana katika minyororo mifupi, na ile mirefu hubaki karibu mitupu.

Metalosini ni kitu tofauti. Ni atomu ya metali iliyobanwa kati ya pete mbili za kaboni tano tano, na kila molekuli yake ni sawa na mwenzake. Mafundi wote wana kipimo kimoja, kwa hiyo minyororo hukaribiana urefu na matawi hutawanyika sawasawa. Lakini kwa miaka mingi metalosini za titani zilifanya kazi kidogo tu, na zile za zirkoni zilionekana kama zimekufa.

Katikati ya miaka ya 1970, katika maabara ya Hansjörg Sinn na Walter Kaminsky mjini Hamburg, maji kidogo yaliingia kwa bahati mbaya katika jaribio. Kila mkemia alijua kuwa maji huua vichocheo vya namna hii. Safari hii kichocheo kilichodhaniwa kufa kikaanza kazi kwa kasi. Wachunguzi hawakuimwaga neli ile. Waliuliza maji yamekwenda wapi, wakagundua kuwa yameungana na trimethilialumini na kufanya methilialuminoksani. Wakaiunda dutu hiyo peke yake, na kufikia mwaka 1980 walikuwa na kichocheo chenye nguvu ya ajabu.

Wengi husimulia kisa hiki kama bahati. Mimi sikubali. Maji yamekwisha kuingia katika neli nyingi duniani, nazo zikaoshwa na kusahauliwa.

Mwaka 1985 Kaminsky na Hans Brintzinger walionyesha kuwa pete mbili zikifungwa kwa daraja, umbo la metalosini huamua mpangilio wa polipropini. Leo etheni na okteni hutoa plastiki laini inayonyumbuka kama mpira, na deseni hutoa vilainishi vya injini ambavyo uzito wake haubadiliki sana kwa joto au baridi. Ubaya wake ni gharama: mara nyingi atomu moja ya zirkoni huhitaji atomu za alumini elfu moja au zaidi.

Nirudi kwa walimu. Katika maabara ya shule niliyosoma, tulipewa maksi kwa kadiri jibu letu lilivyokaribia la kitabu. Nilijifunza mapema kufuta 27.4 na kuandika 25.0. Hata sasa hupokea wanafunzi wa mwaka wa kwanza ambao vipimo vyao vitatu hulingana hadi desimali ya mwisho, na bureti yenyewe inavuja. Vijana hao wangeimwaga neli ya Hamburg bila kusita, wala nisingewalaumu wao.

Napendekeza daftari la maabara liongezewe safu moja: jambo ambalo hukulitarajia, na unadhani limesababishwa na nini. Safu hiyo ipewe maksi sawa na jibu, hata katika mtihani wa taifa. Watungaji wa mitihani watasema kuwa ni vigumu kuisahihisha. Ni kweli, kwa sababu msahihishaji atalazimika kuisoma.