Mkasi usiogopwe: nywele za mama mzee wa Ilagala

Mwanamke wa Ilagala aliyevuka miaka 55 akitoka asubuhi na kichwa kilichonyolewa, salamu ya kwanza atakayopewa njiani huenda ikawa pole. Watu watataka kujua nani amefariki, au yeye mwenyewe anaumwa nini. Akitoka na rasta zinazofika mgongoni atasemwa vingine: bibi mzima bado anajitia usichana. Kati ya pole na masimango hayo amebakiziwa njia nyembamba. Nywele ziwe ndefu kiasi cha kusukwa, lakini zikae chini ya kilemba zisionekane. Njia hiyo imewapotezea akina mama wengi nywele zenyewe, na wakati umefika wa kuipanua.

Kwa wanawake wengi wa mwambao wa Ziwa Tanganyika, kukata nywele ziwe fupi baada ya kukoma hedhi ni uamuzi wa busara. Unapunguza maumivu, unaokoa fedha na unailinda ngozi ya kichwa. Asiyetaka kukata asilazimishwe, ila naye anahitaji kuzitunza nywele zake tofauti na alivyozitunza akiwa na miaka 25.

Hofu ya mkasi ina chimbuko lake. Wanawake wengi wa rika hili walinyolewa kwa amri walipokuwa wanafunzi. Katika jamii nyingi za Afrika Mashariki mjane alinyolewa kama sehemu ya taratibu za msiba. Mgonjwa wa muda mrefu naye hunyolewa ili iwe rahisi kumwogesha. Kwa hiyo katika maisha yao yote kunyoa kumekuwa jambo la kufanyiwa, na mara chache sana limekuwa la kujichagulia. Ndiyo maana mama akikata kwa hiari yake, majirani hutafuta nani amemwamuru au balaa gani limempata.

Historia ya ufukwe huu inaonyesha kuwa mambo hayakuwa hivyo siku zote. Mwingereza Richard Burton alipofika Ujiji Februari 1858 akiwa na John Speke, alieleza kwa mshangao vichwa alivyoviona. Wapo waliokuwa wamenyoa kichwa kizima, na wachache walioacha nywele zikue. Mtindo uliopendwa zaidi ulichanganya yote mawili: kichwa kinanyolewa vizuri, kisha vinaachwa viraka vya nywele vyenye umbo la kifungo, la mwezi mchanga au la kishungi, mbele, pembeni au kisogoni. Mwaka 1874 Mwingereza mwingine, Verney Lovett Cameron, alivuka ziwa kutoka Ujiji na kuwakuta Waguha wa ng'ambo wakigawa nywele mafungu manne, wakizipandisha juu ya vibunda na kuzimalizia kwa misuko. Nywele zisipotosha, waliongeza za bandia. Wembe ulikuwapo hapa, na nywele za kuongeza zilikuwapo ng'ambo, kabla ya saluni yoyote kufunguliwa Kigoma.

Wala hakuna sheria ya asili inayosema nywele ndefu ni za mwanamke. Kwa Wamasai, morani ndiye mwenye misuko mirefu iliyopakwa udongo mwekundu, na mwanamke hunyoa kipara na kukipamba kwa shanga. Rwanda ya zamani ilikuwa na amasunzu, mtindo wa nywele zilizochongwa kama matuta, uliovaliwa na wanaume na pia na wasichana ambao hawajaolewa.

Serikali nayo imewahi kuingia katika vichwa vya wanawake. Mwaka 1968 Umoja wa Vijana wa TANU, chama tawala cha wakati huo, ulitangaza Operesheni Vijana, na kuanzia Januari 1969 mawigi yakawa miongoni mwa vitu vilivyopigwa marufuku, pamoja na sketi fupi, suruali za kubana na dawa za kuchubua ngozi. Msichana aliyekuwa na miaka 15 wakati huo sasa amevuka 70. Miaka 50 baadaye, katika bajeti ya 2019/20, Waziri wa Fedha Philip Mpango alileta ushuru wa asilimia 25 kwa nywele bandia zinazoingizwa kutoka nje na asilimia 10 kwa zile zinazotengenezwa nchini. Mama mmoja, katika umri wake, ameshuhudia wigi likiwa haramu, likiwa fasheni, kisha likiwa chanzo cha mapato ya taifa. Ana haki ya kuamua sasa bila kusukumwa na yeyote.

Na mwili wake una la kusema katika uamuzi huo.

Hedhi inapokoma, kwa kawaida kati ya miaka 45 na 55, homoni ya estrojeni hushuka. Nywele nyingi huanza kuota zikiwa nyembamba zaidi na kudumu kwa muda mfupi zaidi kabla ya kudondoka. Nywele za kipilipili zina jambo jingine la ziada: kila mahali zinapojikunja ni mahali zinapoweza kukatika. Hukua chini ya sentimita moja kwa mwezi kwa wastani, polepole kuliko za Wazungu na Waasia. Nywele ambazo msichana alizipoteza kwa msuko wa kubana na kuzirudisha ndani ya mwaka, mama wa miaka 60 huenda asizione tena.

Sasa tazama kazi za Ilagala. Kata hii ya Wilaya ya Uvinza iko karibu na pale Mto Malagarasi unapoingia ziwani, na watu wake huishi kwa mawese, mihogo na uvuvi. Mafuta yanakamuliwa penye moto na mvuke, dagaa wanaanikwa juani, na mizigo mingi hupanda kichwani mwa mwanamke. Ndoo ya lita 20 ikijaa mawese ina uzito wa karibu kilo 18. Uzito wote huo unakaa utosini, juu ya ngata ya kitenge kilichosokotwa, na chini ya ngata kuna misuko. Kila hatua ngata inasugua kidogo. Jioni, mama akifungua kilemba, vidole vyake huenda moja kwa moja pale utosini na pembeni mwa paji la uso, ambako msusi alivuta zaidi ili msuko ukae muda mrefu.

Pembeni mwa paji la uso ndipo madaktari wa ngozi wanapotazama kwanza. Utafiti wa Nonhlanhla Khumalo na wenzake mjini Cape Town, uliochapishwa mwaka 2007, uliwakuta karibu theluthi moja ya wanawake wazima waliochunguzwa wakiwa na upara unaotokana na nywele kuvutwa. Kwa wanaume tatizo hilo lilikuwa dogo sana. Upo pia upara wa makovu, unaoanzia utosini na kusambaa kuelekea pembeni, na unawapata zaidi wanawake wenye asili ya Afrika, hasa wa makamo na kuendelea. Huo ukishaacha kovu, shina la nywele limekufa. Hakuna mafuta yatakayolifufua, hata mafuta ya mise, yaani ya kiini cha chikichi, ambayo Kigoma inajivunia. Mise hulainisha na kuzuia nywele kukauka, na kwa kazi hiyo ni mazuri. Mwanamke anayeona utosi unawasha, unauma au unang'aa aende kituo cha afya mapema, kabla hajaongeza rasta za kuufunika.

Kisha kuna dawa za kulainisha nywele. Mwaka 2022 taasisi za afya za Marekani zilitoa matokeo ya kuwafuatilia wanawake 33,497 wa miaka 35 hadi 74 kwa takriban miaka 11. Kwa wale ambao hawakutumia dawa hizo, makadirio yalikuwa kwamba asilimia 1.64 wangepata saratani ya mji wa mimba kabla ya kufika miaka 70. Kwa waliozitumia mara kwa mara, yaani zaidi ya mara nne kwa mwaka, makadirio yalipanda hadi asilimia 4.05. Utafiti huo haukuthibitisha kwamba dawa ndiyo iliyosababisha saratani, lakini tofauti hiyo ni kubwa kiasi cha kumfanya mwanamke mwenye miaka 60 ajiulize anaendelea kuweka dawa kwa faida gani.

Anayeficha mvi kwa piko naye ajue anachopaka. Weusi wa piko unatokana na kemikali iitwayo PPD, ambayo kwa baadhi ya watu huvimbisha kope na uso mzima, hata kama waliitumia miaka mingi bila shida. Hina safi ya majani haina kemikali hiyo, na mvi zisizopakwa kitu hazimdhuru mtu.

Baadhi ya watu wataleta hoja ya dini, na katika eneo lenye Waislamu wengi kama Ujiji na vijiji vya pwani ya ziwa hoja hiyo inastahili kusikilizwa. Uislamu unamtaka mwanamke azisitiri nywele zake mbele ya wasio maharimu, na wanazuoni wamekemea kuunga nywele. Kwenye Hija wanaume hunyoa au kupunguza, na mwanamke hupunguza kiasi cha ncha ya kidole tu. Hata maiti ya mwanamke inapooshwa, sunna ni kumsuka misuko mitatu. Yote hayo yanaonyesha kwamba nywele zake zina heshima. Lakini hayamlazimu bibi wa miaka 65 kubeba misuko inayomuumiza, na stara inatimizwa na ushungi, nywele ziwe ndefu au fupi. Rais Samia Suluhu Hassan ameongoza nchi tangu 19 Machi 2021 akiwa na ushungi, na urefu wa nywele zake hauhusiani na kazi yake. Anna Makinda, mwanamke wa kwanza kuwa Spika wa Bunge la Tanzania, kuanzia 2010 hadi 2015, na baadaye Kamisaa wa Sensa ya 2022, amezoeleka kwa nywele fupi. Hakuna aliyedai kwamba ufupi huo ulimpunguzia mamlaka.

Hoja yenye uzito zaidi kwa upande wa nywele ndefu haitoki saluni wala msikitini. Inatoka kibarazani. Mama mzee anayesukwa huketi kwenye mkeka, kichwa kimeegemea magoti ya binti, mkaza mwana au mjukuu, na kwa saa nzima kuna mikono inayomgusa na mtu wa kuzungumza naye. Kwa mjane ambaye watoto wake wametawanyika Mwanza na Dar es Salaam, saa hiyo huenda ndiyo pekee katika wiki nzima ambayo mtu ameketi naye bila haraka. Anayemwambia akate bila kulifikiria hilo anamwondolea zaidi ya nywele. Kama anapenda kusukwa, asukwe: misuko minene ya twende kilioni kwa nywele zake mwenyewe, bila rasta nzito, bila kuvuta mbele, ifumuliwe ndani ya wiki mbili na kichwa kipumzishwe. Na aliyekata asiachwe peke yake. Kichwa chenye nywele fupi nacho huoshwa, hupakwa mafuta na kukandwa, na mjukuu anaweza kufanya hivyo kibarazani palepale.

Liko pia suala la fedha. Ziwa lilipofungwa kwa uvuvi kwa miezi mitatu kuanzia 15 Mei 2024 ili samaki wazaliane, kaya zilizotegemea dagaa zililazimika kuchagua cha kununua na cha kuacha. Dawa ya nywele inadai kurudiwa kila baada ya wiki kadhaa, kwa sababu nywele mpya huota zikiwa na asili yake. Rasta hununuliwa na msusi hulipwa. Nywele fupi hudai sabuni, mafuta kidogo na chanuo.

Kikwazo kikubwa kilichobaki ni mahali pa kukatia. Vinyozi wengi ni wanaume, na vibanda vyao vimejaa vijana. Mama wa heshima hawezi kuketi pale na kuvua ushungi. Saluni za kike nazo zimejengwa juu ya kusuka na kuweka dawa. Hazijazoea kukata vizuri nywele za kipilipili za mama mzee. Matokeo yake anakatwa nyumbani kwa wembe, na wakati mwingine wembe ulioshapita kichwa cha mwingine, jambo linaloweza kusambaza virusi vya homa ya ini B na vya UKIMWI. Msusi wa Ilagala anayetaka wateja wapya aanzie hapo: mashine moja, mkasi mkali, dawa ya kusafishia vifaa, pazia la mlangoni, na siku moja ya wiki iliyotengwa kwa akina mama wazee. Kikundi cha kuweka na kukopa cha VICOBA kinaweza kununua mashine ya pamoja na kumfundisha mwanachama mmoja kuitumia.

Mabinti walioko mijini wana nafasi yao katika hili. Msimu wa harusi ukifika, wengi hurudi Kigoma na wigi la mama kwenye begi, kwa upendo kabisa, ili apendeze kwenye picha. Mama hulivaa kwa kuwa hataki kumvunja moyo mtoto, na hushinda ukumbini akiwashwa na joto. Kabla ya kulinunua, binti apige simu amuulize. Mama akisema anataka kuingia harusini na mvi zake fupi, fedha ya wigi itatosha hereni nzuri, na labda kitenge kipya juu yake.